Zamu ya Faustini

Ifahamike kwa watu wote, wakaao nchi kavu na wakaao majini, ya kwamba mimi, Benedict wa Mwandiga, mwanafunzi wa kidato cha pili, ndiye Jaji Mkuu wa Mahakama Kuu ya Kadi za Ziwa. Ya kwamba hukumu zangu hazina rufaa. Na ya kwamba yeyote atakayenibishia atashtakiwa mbele yangu mimi mwenyewe.

Mahakama yenyewe ilikuwa stoo ya majembe, nyuma ya jiko la shule. Kiti changu kilikuwa ndoo iliyopasuka, na nilipoikalia vibaya ilinifinya makalio mbele ya washtakiwa. Joho langu lilikuwa blanketi la Telesphory, lenye harufu ya Telesphory. Nilipewa ujaji si kwa hekima bali kwa sababu nilikuwa mchezaji mbovu kuliko wote: kila mchezo nilizama wa kwanza, na mtu aliyezama hana kazi, kwa hiyo wenzangu wakaona afadhali nipewe ya kufanya, maana nikikaa bure nawatia watu vyura viatuni.

Mchezo ulikuwa hivi. Kadi ni kipande cha boksi kinachojaa kiganjani, kimechorwa kwa kalamu ya wino: mvuvi, mamba, radi, karabai, wavu, samaki kuhe. Chini ya picha imeandikwa nguvu ya kadi. Mtu anakupiga na kadi yake, wewe unajibu na yako. Ukikosa jibu, umezama. Aliyezama anatoka, na kadi zake wanarithi waliobaki. Kadi mpya unaruhusiwa kuchora mwenyewe, ila haichezwi mpaka Jaji aigonge muhuri, ambao ulikuwa nusu ya kiazi nilichokichonga herufi J na kukichovya kwenye wino. Watu walibadilishana kadi, wakazikusanya, wakazilalia chini ya godoro. Mamba mzuri alikuwa na thamani ya vipande viwili vya nyama siku ya Jumapili.

Kazi ya Jaji ilikuwa kukata yale maswali ambayo sheria haikuyasema. Kwa mfano, Mamba wa Yassir alimla Mvuvi wa Telesphory, na Mvuvi alikuwa amebeba Kuku. Kuku ni wa nani?

"Kuku ni wangu," alisema Telesphory. "Mamba kaambiwa amle mvuvi. Hakuambiwa kitoweo."

Yassir alikuwa mtoto wa Ujiji, mwembamba, mwenye maneno kama wakili. "Kuku alikuwa wapi, Tele?"

"Mkononi mwa mvuvi."

"Na mkono wa mvuvi uko wapi sasa hivi?"

Telesphory akafikiri. "Ndani ya mamba."

"Basi mfuate humo humo ukamchukue."

Nilitafakari, nikavuta blanketi, nikatamka kwamba kuku ni ndege, na ndege akiona mamba huruka. Kuku huyu alikuwa ameruka kabla ya tukio, akatua mahakamani, na sasa ni mali ya mahakama. Nikamtia mfukoni. Hizo ndizo zilikuwa hukumu zangu, na hakuna aliyekufa kwa sababu yake.

Kadi zililetwa shuleni na Jonathan. Zilikuja ndani ya kopo la maziwa ya unga, mwaka ule watu wa Kongo walipovuka ziwa kukimbia vita, na mji ukajaa magodoro na masufuria na watoto waliokaa juu ya mafurushi wakisubiri kuambiwa waende wapi. Wengi walipelekwa kambini. Jonathan alikuwa na mama yake mdogo, Rozalia, aliyeolewa Bangwe, upande wetu wa ziwa, miaka mingi, na huyo mama alimng'ang'ania, akahangaika ofisi hadi ofisi mpaka akampatia nafasi kwetu. Alikuwa mpole, mwenye masikio makubwa. Kiswahili chake cha ng'ambo tulikicheka juma la kwanza. Juma la pili alitoa lile kopo, na hatukucheka tena.

Aliyebuni mchezo ni kaka yake, Faustini. Wazazi wao walikufa zamani, na Faustini ndiye aliyemlea, kwao Kazimia, ng'ambo ya ziwa, kwa kuvua dagaa usiku na kuchora kadi mchana. Kwao kaka mkubwa wanamwita yaya. Siku ya kukimbia, boti lilikuwa limejaa. Yaya Faustini alimrusha Jonathan ndani kama furushi, akamtupia kopo, akapiga kelele kutoka majini, maji yakiwa kifuani: "Nakuja na boti ya nyuma! Kadi zangu usiziguse, ni zamu yangu!"

Walikuwa wameacha mchezo katikati, nyumbani, juu ya mkeka. Ilikuwa kweli zamu yake.

Boti la nyuma halikuonekana Kigoma.

Kwa hiyo katika kila mchezo wetu palikuwa na mchezaji mmoja zaidi ya tuliokuwepo. Jonathan alizitoa kadi za Faustini zikiwa zimefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, akazilaza kifudifudi mahali pake, akazikandamiza kwa jiwe jeupe la ufukweni. Hata yeye hakuwahi kuzitazama. Mzunguko ukifika pale, tulisema sote, "Jiwe," na zamu ikapita. Mwanzoni tulilisema kwa kumridhisha. Baadaye nikagundua kwamba tulikuwa tunalisema kwa sauti ya chini, na kwamba Telesphory, akitaka kuchukua kitu upande ule, alizunguka stoo nzima kuliko kupitisha mkono juu ya lile jiwe. Pahali pale palikuwa na baridi. Sisemi palikuwa na mtu. Nasema hatukuwahi kuweka miguu yetu pale, na stoo ilikuwa ndogo.

"Iko na kadi moja," Jonathan alituambia mara moja, "hata miye sijaiona. Yaya alisema ni jibu ya kila kitu. Jina lake Alfajiri."

Sasa nifike kwenye kesi.

Telesphory alitoka Kidahwe. Ziwa aliliona kwa mara ya kwanza alipokuja kuanza shule, na tangu siku hiyo aliliogopa kama mtu anavyomwogopa mkwe. Likizo iliyopita, kwao, mbali na maji, ujasiri ulimjia, akachora kadi mpya: Gharika. Mawimbi mpaka juu ya ukingo wa kadi, na chini ameandika: *Ziwa linafurika. Kila mchezaji ajibu kwa kadi yake, au azame.* Nilikuwa ninakula mahindi alipoileta. Niliigonga muhuri bila kusoma.

Jumatatu, saa za michezo, akaicheza.

Yassir alijibu kwa Mtumbwi. Jonathan alijibu kwa Mti Mrefu. Mimi nilikuwa nimeshazama zamani, kama kawaida. Macho yote yakaenda kwenye jiwe.

"Jiwe," alisema Jonathan haraka.

"Ngoja kwanza," alisema Yassir. Hakusema kwa ubaya; Yassir akiona ufa kwenye sheria lazima aingize kidole. "Zamu ndiyo inayopita. Hii siyo zamu yake. Hii ni zamu ya Tele. Gharika imesema kila mchezaji. Faustini ni mchezaji au si mchezaji?"

"Ni muchezaji."

"Basi ajibu."

"Atajibu namna gani na hayuko?"

"Ndilo swali lenyewe. Asiyeweza kujibu kwa sababu hayupo, amezama au hajazama? Mheshimiwa Jaji?"

Telesphory alikuwa ameshaanza kujuta. "Yoo, basi naiondoa. Naiondoa, jamani."

"Kadi iliyolala hainyanyuki," alisema Yassir. "Hukumu ya kuku, ukurasa wa kwanza."

Nilifungua mdomo kutoa upuuzi wangu wa siku zote. Nikamwona Jonathan. Alikuwa ameweka kiganja juu ya lile jiwe.

"Jaji," alisema. "Mama mudogo anaweka matanga Jumamosi. Kuna muzee alikuja kutoka ng'ambo, amesema boti ya nyuma ilizama. Hakuiona, aliambiwa. Mama mudogo amechoka kungojea. Anataka tukae chini, tulie, tumalize. Miye nimekataa. Nimemwambia siendi." Akanitazama sawasawa. "Wewe ukisema amezama, nitaenda."

Ndoo ilinifinya, na sikucheka.

Nilisema kesi ni nzito, mahakama inaahirishwa, mchezo ubaki ulivyo. Tukafunika kadi zote kwa karai ili panya wasizile, tukatoka. Nje kulikuwa na jua kali, watoto wa kidato cha kwanza wanacheza mpira, na kila mmoja wetu alitembea peke yake.

Mtu mwenye akili angekwenda kwa mwalimu, au kwa padri, au angemwambia Jonathan kwa kauli ya kawaida: mimi sijui, na kadi zetu hazijui. Mimi nilikwenda kutafuta boksi.

Mabeberu wote wa Mwandiga hawana ukaidi wangu. Nilijiambia hivi: Faustini ajibu. Akijibu, Jaji hana haja ya kuhukumu, Jonathan atafurahi, na Telesphory, mimi nimesimama mlangoni ninashuhudia, atakimbia mpaka Kidahwe bila kugusa ardhi. Sijui ni sababu ipi ilikuwa kubwa zaidi. Ninaogopa ni Telesphory.

Niliukata ukingo wa boksi la biskuti za msaada, nikausugua kwa majani ya chai uzeeke. Mwandiko wa Faustini niliujua, maana nusu ya kadi za Jonathan zilichorwa naye: herufi ndefu, zimeinama mbele kama watu wanaovuta wavu. Nikaandika ALFAJIRI. Nikachora ziwa jeusi, mtumbwi mmoja, na juu ya vilima jua linachomoza, miale yake imenyooka vizuri kwa rula. Chini: *Kunapambazuka. Maji yanarudi. Aliyezama anafika.* Nilijivunia sana. Hakika ilikuwa kadi nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora, na muhuri sikuigonga, kwa kuwa za Faustini zilikuwa za kale kuliko kiazi changu.

Jumanne tulipofunua karai, jiwe lilikuwa limesogea kidogo, na pembeni yake kadi moja imelala chali.

Telesphory aliisoma kwa sauti, mpaka akafika neno la mwisho. Kisha akaita "Mawe!" kwa Kiha, yaani akamwita mama yake, akatoka na mlango. Nasema na mlango kwa sababu komeo lilibaki mkononi mwake. Yassir, wakili asiye wakili, alirudi nyuma mpaka ukutani na kuanza kusoma dua. Nilikuwa nimeshajiandaa kucheka, tumbo liko tayari, na nikamgeukia Jonathan.

Alikuwa amepiga magoti. Hakuigusa kadi. Alikuwa anaitabasamia, kama mtu aliyeitwa jina lake kutoka mbali.

"Amejibu," alisema. "Yaya amejibu."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Neno lilikuwa fupi. Lakini mzaha ukishaupanda, bwana, unakwenda wenyewe. Na nikajidanganya kwamba ukiongezwa kidogo utakuwa mkubwa kiasi cha kuonekana mzaha, na wote watacheka, na utaisha.

Basi nikauongeza. Jumatano, saa ya kupumzika baada ya chakula cha mchana, bweni zima limelala kwa joto, nilichukua ule mwiko mkubwa wa kupikia ugali wa shule, nikauchovya taratibu kwenye pipa la maji ya mvua nyuma ya dirisha letu. Chubwi. Kimya. Chubwi. Kimya. Kama mtu anapiga kasia bila haraka. Ndani nikamsikia Telesphory anauliza, "Nani anavua?" na hakuna aliyemjibu. Halafu, wote walipotoka kwenda darasani, nililowesha miguu yangu, nikatembea kutoka mlangoni mpaka kwenye kile kitanda kitupu kilichokuwa karibu na cha Jonathan. Juu ya mto nikaweka dagaa mmoja mkavu. Kisha nikaona dagaa ni kuzidisha, nikamla.

Nyayo zilionekana kabla hazijakauka. Kulikuwa hakujanyesha siku nyingi.

Bweni likabadilika. Watu wazima wa miaka kumi na sita walikwenda msalani wawili wawili. Mtu akidondosha sabuni, watatu wanaruka. Kile kitanda kitupu hakuna aliyekiegemea tena, wala kuweka daftari juu yake, na mchana, upepo wa ziwa ulipoingia dirishani na kutikisa neti yake, wote tulinyamaza mpaka itulie. Mimi pia. Hili ndilo ambalo sikulitegemea. Nilijua mwiko uko wapi, nilijua nyayo ni za nani, na bado ile neti ilipotikisika nilinyamaza.

Jonathan peke yake hakuogopa. Alitandika kile kitanda. Aliweka taulo lake miguuni, ili mtu akitoka majini apate kujifuta. Wakati wa chakula alikula nusu ya ugali wake na nusu ya maharage, nusu akaibeba kwenye bakuli lililofunikwa, akaliweka uvunguni mwa kile kitanda. Asubuhi alilimwaga limechacha, mchana akaweka jingine. Alikuwa anakonda kwa furaha.

Alhamisi alasiri likatokea la kilio. Telesphory alikwenda bafuni kuosha miguu, na akarudi anatiririka jasho. Alisema kuna mtu analia ndani ya bafu la mwisho, lile lisilo na maji. Analia kwa kujizuia, kama aliyejiziba mdomo. Aliita, kikanyamaza. Alisukuma mlango, mlango umeshikwa kwa ndani. Tulipokwenda kundi zima, mlango ulikuwa wazi na bafu tupu.

Kuhusu kilio hicho mahakama ilitoa tamko rasmi: hakikupangwa na mtu yeyote, na kisiulizwe tena.

Ijumaa Jonathan alinifuata kwenye bomba la maji.

"Kesho kuna boti Kibirizi," alisema. "Inapeleka chumvi na sabuni Kazimia. Nahodha ni mutu wa kwetu, ananijua. Nimemwambia naenda."

"Kwenda wapi? Kule si bado wanapigana?"

"Aliyezama anafika. Umesoma mwenyewe. Kama anafika, mutu ampokee." Akanishika mkono. "Njoo unisindikize, Jaji. Nataka hukumu ya Gharika, mbele ya maji. Ili nikimwona nimwambie alishinda kihalali."

Usiku ule sikulala, na sitaeleza zaidi.

Jumamosi alasiri tuliruhusiwa kwenda mjini. Kibirizi kulikuwa kumejaa: dagaa wameanikwa mpaka huoni mchanga, wanawake wakigeuza kwa fagio, wapagazi wamebeba magunia vichwani wakiita "Angalia! Angalia!" Boti lilikuwa refu, limepakwa buluu, injini inakohoa. Ng'ambo, milima ya Kongo ilikuwa imejichora yote, na jua lilikuwa linaishukia. Jonathan alikuwa na mfuko mmoja wa nailoni, nguo zake zote. Alichagua mahali karibu na mawimbi, akalaza kadi za Faustini zilizofungwa kwa mpira, juu yake lile jiwe, na pembeni kadi yangu.

Nahodha akaita, "We dogo! Tunaondoka!"

"Haya, Jaji," alisema Jonathan. "Swali ni moja. Hii kadi ilichezwa na Faustini, kihalali? Ukisema ndiyo, napanda."

Nilisimama wima. Sikuwa na blanketi. "Kwa kuwa," nilianza, "mahakama hii imesikiliza pande zote, na kwa kuwa kadi inayobishaniwa..." Sauti ilikwenda hapo ikarudi. Maji yalifika kwenye viatu vyangu. Nilitazama lile boti, jinsi lilivyokaa chini majini kwa uzito, kiganja kimoja tu kati ya ukingo na ziwa. "Na kwa kuwa..."

"Sema."

"Si halali," nilisema. "Hakuicheza yeye. Niliichora mimi. Kwa boksi la biskuti. Jonathan, ni mimi."

Nilifumba macho nikingoja ngumi. Nilisikia tu nahodha akitukana, kisha injini ikinguruma, kisha ikipungua. Nilipofumbua, boti lilikuwa linageuza pua kuelekea milimani, na Jonathan alikuwa bado yuko mbele yangu, ameketi mchangani, anafungua ule mpira wa baiskeli.

"Hairuhusiwi," nilisema kijinga. "Ulisema hazitazamwi."

"Nilizitazama juzi. Baada ya nyayo." Akachambua kadi taratibu, akatoa moja, akaiweka sambamba na yangu. Ilikuwa chafu, imepinda, imelowa siku fulani ikakauka. ALFAJIRI. Hapakuwa na vilima. Palikuwa na maji tu, na jua lilikuwa linatoka katikati ya maji, limekatwa nusu na mstari wa ziwa, na mtumbwi unalielekea.

"Wewe ni mutu wa Mwandiga," alisema. "Kwenu jua linatoka wapi?"

Sikuelewa. "Linatoka... huku." Nikaonyesha nyuma yetu, vilimani, bara. Kila asubuhi ya maisha yangu limetoka huko. Na kila jioni limezama huku, ng'ambo ya maji, kama lilivyokuwa linazama muda huo mbele yetu.

"Kwetu vilima viko nyuma, jua linalalia kule. Asubuhi linatoka majini. Linatoka kwenu." Alikuwa anaongea na kadi zaidi kuliko na mimi. "Yaya ametoka kuvua kila siku akiliona linatoka majini. Hawezi kuchora alfajiri ya vilima. Hata akifa hawezi."

"Kwa hiyo ulijua tangu juzi."

"Kabla sijafungua nilijua. Siku ya kwanza niliona tu jina. Siku ya pili nikaona jua."

"Sasa mbona umekuja na nguo zako zote? Ungenisubiri niseme ndiyo, halafu?"

"Ningepanda."

"Na huku unajua ni uongo?"

"Ungesema ndiyo, ningepanda." Hakusema kwa hasira. "Nilikuwa natafuta mutu mumoja tu wa kusema ndiyo."

Nilikaa chini, kwenye dagaa wa mtu. Mama mmoja akanifokea, nikasogea, nikakaa tena. Boti lilikuwa limeshakuwa dogo.

"Alikuwa nalo," alisema Jonathan. "Jibu. Alikuwa nalo mukononi siku ile ile. Alinitupia na kopo." Akageuza ile kadi chafu, akaigeuza tena. "Sasa toa hukumu, Benedict. Ya kweli. Mwenye jibu, na hayuko kulicheza."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita jina langu. Nilitafuta kuku wa kuruka, ufa wa kupitia, chochote. Yassir mwenyewe asingekiona.

"Amezama," nilisema.

Jonathan akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayekubali mzigo uliopimwa sawasawa. Akazifunga zile kadi, zile za kaka yake tu, akazitia kwenye shati. Jiwe aliliacha pale pale. Akachukua mfuko wake.

"Twende Bangwe," alisema. "Mama mudogo alisema wataanza jioni. Utakaa na wanaume, usifanye vyura."

Tulitembea kupitia mjini, tukapita stesheni, tukashika njia ya Bangwe. Alikuwa mbele yangu hatua chache, na alikuwa anazungumza bila kugeuka, maswali madogo, moja moja, na mimi nikijibu kila moja jinsi mtu anavyotoa vitu mfukoni mbele ya mlinzi.

"Kasia?"

"Mwiko wa jikoni. Mimi."

"Nyayo?"

"Mimi."

"Kulikuwa na harufu ya dagaa kwenye mto."

"Nilimweka, nikamla. Mimi."

Kwa mbali tulianza kusikia wanawake, sauti moja ikipanda na nyingine kuipokea. Kwenye ua wa Mama Rozalia mikeka ilikuwa imetandikwa. Jonathan alisimama langoni, akavua viatu, na hapo ndipo alipogeuka.

"Na aliyekuwa analia bafuni?"

Nilitazama viatu vyake. Vilikuwa na mchanga wa Kibirizi. Alhamisi ile mchana nilikuwa nimelichungulia lile bakuli uvunguni, nikaona amemwekea na kijiko.

"Hicho mahakama ilishatoa tamko," nilisema.

Hakuondoka. Alingoja, masikio yake makubwa yamewekwa wazi.

"Mimi," nikasema. "Na huyo pia ni mimi."